Karatasi ya Mia Moja Arobaini na Sita

Nilihesabu kutoka juu kwenda chini, nikapata karatasi mia moja arobaini na tano. Nikaligeuza rundo, nikahesabu kutoka chini kwenda juu, nikapata zile zile mia moja arobaini na tano. Mtu mwingine angefurahi kwamba hesabu mbili zimekubaliana. Mimi niliketi, kwa sababu daftari lililokuwa wazi mbele yangu lilisema mia moja arobaini na sita, na mwandiko ulikuwa wangu.

Ofisi yetu iko Al Sadd, ghorofa ya tatu, juu ya mkahawa ambao harufu ya nyama yake hupanda ngazi kabla ya wafanyakazi. Tunapiga picha karatasi za zamani ili zisomwe kwenye kompyuta: hati za nyumba, barua za wafanyabiashara wa lulu, vitabu ambavyo ukivifungua vibaya vinapukutika kama biskuti. Mtu analeta sanduku lake. Tunalipokea, tunahesabu, tunapiga picha, tunahesabu tena, tunamrudishia. Mimi ndiye mhesabu. Cheo hicho hakimo kwenye kibali changu cha kazi, ambacho kinasema karani, lakini ndicho kilichonipa kazi. Miaka kumi na mmoja nilifungua belo za mitumba kwenye soko la Gikomba, Nairobi, na hapa Doha nilianza kwa kuhesabu nguo kwenye ghala la duka ambalo baadaye lilifungwa.

Msimamizi wetu ni Msudani, mtu mrefu, mnyoofu kama rula, anayeandika kwa kalamu ya wino wakati dunia nzima imeshahamia simu. Sote tunamwita Ustadh. Siku ya kunihoji alimwaga vibanio vya karatasi mezani akaniuliza ni vingapi. Nikamwuliza, "Hivi vya mezani, ama pamoja na viwili vilivyoanguka chini ya kiti chako?" Akainama kutazama. Alisema miezi sita ya majaribio, nikasema miwili, tukakutana kwenye minne. Mpaka leo nadhani ningempata kwa mitatu.

Anayeshika mashine ni mzee wa Uganda. Mimi namwita Mzee, yeye ananiita nyabo, kama wanavyomwita kwao mwanamke wa heshima, hata pale anapotaka kunitukana. Kabla ya mashine alisimama kwenye malango ya watu miaka tisa, mlinzi, mpaka magoti yakakataa. Yote ninayoyajua kuhusu karatasi amenifundisha yeye: nawa mikono, ukaushe, usipake mafuta, karatasi hugeuzwa kwa pembe ya juu, usipumue juu ya wino. Wiki yangu ya kwanza nililamba kidole ili nigeuze ukurasa, kama tulivyozoea sokoni. Alinitazama kana kwamba nimelamba bendera ya taifa.

"Nyabo, karatasi hii ni nzee kuliko mama yako. Mate ya nini?"

Lakini siku ile ile aliniona nikihangaika na glavu kubwa kuliko mikono yangu, na kesho yake akaja na jozi ndogo aliyoiomba kwa daktari wa meno wa ghorofa ya pili. Aliziweka kwenye daftari langu akaenda kuwasha mashine yake. Nimepewa vitu vingi katika maisha yangu na watu waliohakikisha kwamba nimeona wakinipa. Glavu zile sikuombwa hata kusema ahsante.

Ndiyo maana niliketi.

Miezi michache kabla ya hapo, kifuniko cha mashine kilikuwa kimechana pembe ya ramani ya mteja, na Mzee akapewa barua ya onyo. Barua moja ofisini kwetu ni manyunyu. Ya pili ni mafuriko: mkataba haufanywi upya, na ukaazi wa mtu hapa unakwenda na mkataba wake. Wa Mzee ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi ule. Binti yake wa mwisho alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na Mzee alikuwa amenieleza mara nyingi kwamba anataka miaka miwili tu, binti amalize, kisha hata akiambiwa aondoke kwa miguu ataondoka. Sanduku ambalo lilikuwa pungufu karatasi moja lilikuwa limepita mikono miwili tangu Jumapili. Yangu ya kuhesabu, na yake ya kupiga picha.

Mwenye sanduku alikuwa mhadhiri anayekusanya karatasi za serikali ya kikoloni ya Kenya. Zilikuwa mafungu mawili yaliyofungwa pamoja kwa utepe: sheria za kuwinda wanyama wa porini, na sheria za mafunzo ya askari wa kujitolea, yaani masetla na makarani wa kizungu waliokusanywa mwisho wa juma wafundishwe kupanga mstari na kupiga bunduki. Mhadhiri naye alikuwa amehesabu kwake kabla ya kutuletea. Risiti yake ilisema mia moja arobaini na sita. Angekuja kuchukua Alhamisi saa tatu asubuhi. Siku niliyoketi ilikuwa Jumatano.

"Mzee," nikasema, "imepungua moja."

"Moja nini?"

"Karatasi. Sanduku la Kenya."

Akavua miwani. "Hesabu tena."

"Nimehesabu mara mbili."

"Sasa hesabu ya tatu unamwekea nani?"

Nikahesabu ya tatu, yeye akisimama nyuma yangu midomo ikienda. Mia moja arobaini na tano. Tukafungua kifuniko cha mashine, tukainua zulia, tukamwaga pipa la karatasi taka tukazipanga sakafuni moja moja. Tukapata risiti ya shawarma na kile kibanio nilichokuwa nakitafuta tangu mwezi uliopita.

Ningeweza kuandika mia moja arobaini na sita, nikafunga utepe, nikamwachia Mungu na mhadhiri. Mzee hakuniomba nifanye hivyo. Angeniomba ningekataa na roho yangu ingetulia. Yeye alianza kufuta kioo cha mashine ambacho kilikuwa safi.

Ustadh akatoka chumbani kwake. "Sanduku la Kenya liko tayari?"

Tuliangaliana. Nikamwambia ukweli, kwa sababu ukweli ukitangulia una nguvu ya kupatana, ukichelewa hauna. Hakupaza sauti. Alirudi chumbani, akatoka na fomu, ile ile ya onyo, akaiweka mezani kwangu na kufungua kalamu.

"Ustadh," nikasema, "ukiandika sasa utaandika kwamba imepotea. Ukiandika kesho, huenda usiwe na la kuandika."

"Nitaandika baada ya sala ya adhuhuri."

"Kesho saa mbili na nusu."

"Mwenye sanduku anakuja saa tatu! Alasiri ya leo."

"Magharibi."

"Ofisi inafungwa saa kumi na moja."

"Basi saa kumi na moja kasoro dakika tano, na hatutoki kwenda kula."

Akanitazama, akafunga kalamu. "Khalas. Kasoro dakika tano."

Mimi nilikuwa nimelenga alasiri. Nikajizuia nisicheke, maana haikuwa siku ya kucheka.

Mlango ulipofungwa, Mzee akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nyabo, umeniuza ama umeninunua?"

"Bado. Nimekushikisha tu, mtu mwingine asikuchukue."

Shida ya karatasi zile ni kwamba nambari zake hazikuwa na maana. Zilikuwa zimetoka kwenye machapisho tofauti: hapa ukurasa wa nne, unaofuata wa kwanza, tena wa kumi, nyingine zimepigwa taipu bila nambari kabisa. Huwezi kuuliza ni ipi haipo kwa kutazama pembeni. Njia ilikuwa moja: kuzisoma zote, sheria kwa sheria, mpaka tufike mahali sentensi inaning'inia haina miguu. Hapo ndipo karatasi ilipotoka. Nikachukua fungu la uwindaji kwa sababu mimi ni Mkamba na uwindaji ni mambo ya nyumbani. Mzee akachukua la askari wa kujitolea, akasema kwamba yeye ni askari wa kujitolea.

"Wewe?"

"Mimi. Mchakamchaka, kijijini kwetu. Wiki sita, alfajiri, tunakimbia na kuimba. Bunduki yangu ilikuwa fimbo ya mti wa mbuni, wa kahawa."

"Na ulijitolea mwenyewe?"

"Kujitolea, nyabo, ni pale mwenyekiti wa kijiji anapoandika jina lako kabla hujafika mkutanoni."

Tukasoma. Kiingereza kilikuwa cha zamani, kirefu, chenye 'isipokuwa' ndani ya 'isipokuwa', na hapa nakitoa kama nilivyokielewa. Sheria zangu zilianza na leseni. Kulikuwa na leseni ya setla, leseni ya msafiri anayepita, leseni ya mtumishi wa serikali. Halafu orodha za wanyama zikapangwa kama menyu ya hoteli: hawa hawaguswi, hawa kwa ruhusa maalumu, hawa mwenye leseni anaruhusiwa kadhaa kwa mwaka. Ndovu, kifaru, pofu, kongoni, hata ndege. Nilivutiwa. Aliyeandika alikuwa mtu anayehesabu, na mtu anayehesabu namjua hata akiwa amekufa. Kisha nikafika kwenye njia zilizokatazwa. Mishale ya sumu, mitego ya kamba, mashimo, nyavu, moto wa nyika. Kila njia aliyoijua babu yangu ilikuwa kwenye orodha ile. Iliyokosekana ni bunduki.

"Huku kwangu wana bunduki," Mzee akasema nilipomwambia. "Kila mmoja amepewa. Sikiliza: bunduki ikaguliwe kila mwezi. Risasi zihesabiwe zikitoka, maganda yahesabiwe yakirudi." Akageuza kwa pembe ya juu. "Hii je? Risasi za mafunzo ya serikali zisitumike kuwindia wanyama."

"Wameandika hivyo?"

"Wameandika kwa sababu kuna mtu alishafanya."

Alisema kweli. Hakuna anayekataza jambo ambalo halijamtokea. Nilianza kuzisoma zile sheria kama kumbukumbu za makosa ya watu. Mwanachama asije mazoezini amelewa. Kwa hiyo kuna Jumamosi mmoja alikuja amelewa. Mwanachama asimtume mtumishi wake kusimama mstarini badala yake. Hiyo Mzee alinisomea mara tatu, akicheka mpaka miwani ikateremka.

"Mwafrika mwenzangu huyo," akasema, "alifundishwa jeshi bila kujua. Bwana wake amelala, yeye anapiga kushoto-kulia."

"Na bwana ndiye aliyepona magoti mabaya."

"Magoti yangu yaache, nyabo. Soma."

Adhuhuri ikapita. Mzee aliswali pembeni, kwenye mkeka mdogo nyuma ya kabati. Mimi niliomba kwa namna yangu, macho wazi, kidole kwenye sheria. Harufu ya nyama ilipanda ngazi ikatukuta hatuna la kuijibu. Ndipo nikafika kwenye sheria moja ya kifungu kifupi, iliyokaa chini kabisa ya ukurasa kama kitu kilichosahauliwa. Ilisema kwamba mwenye shamba anaweza kumuua mnyama anayeharibu mazao yake bila leseni. Lakini aripoti mara moja kwa ofisa aliye karibu, na mnyama yule ni mali ya serikali.

Nikaisoma tena.

Babu yangu alifungwa kwa sababu ya paa. Mimi sikumjua babu akiwa kijana, lakini bibi alituhadithia kisa hicho mara nyingi mpaka kila mjukuu akawa anamrekebisha. Paa alikuwa akila kunde zetu, wiki nzima, mdogo kama mbuzi wa siku mbili na mwenye tumbo la mwizi. Babu akamvizia, akamchoma mshale. Wakampika. Askari wawili wakafika sufuria iko jikoni, na babu, kwa kuwa wageni ni wageni, akawapa vigoda na kuwapakulia. Walikula. Walipomaliza wakanawa mikono, wakamfunga kamba. Bibi alikuwa akisema, "Walikula ushahidi, wakamshtaki mwenye jiko."

Miaka yote hiyo nilidhani kosa lilikuwa kumuua. Kumbe kumuua ndani ya kunde zake kulikuwa halali, labda mshale tu ungeleta maneno. Kilichomtia ndani ni kutoripoti, na kupakua. Ile haki yake ilikuwa imeandikwa, kwa lugha ambayo hakuisoma, kwenye karatasi ambayo hakuiona, na mimi mjukuu wake nilikuwa nimeishika kwa glavu za daktari wa meno, Doha.

Nikamweleza Mzee. Akatikisa kichwa. "Na ukisikia hivyo unasikia uchungu?"

"Kidogo." Nikafikiri. "Lakini huko gerezani, alikokuwa anavunja mawe, mfungwa mmoja alimfundisha kuandika jina lake. Aliporudi akasema hakuna mtoto wa nyumba yake, mvulana wala msichana, atakayekaa bila shule. Majirani wakamcheka kwa kupeleka wasichana. Mama yangu akaenda. Mimi nikaenda."

"Kwa hiyo unasoma kwa sababu ya paa."

"Ndiyo."

"Basi mshukuru paa, nyabo, uendelee. Ni saa tisa."

Nilimshukuru. Nilimshukuru paa, nikamshukuru yule mfungwa ambaye hatukuwahi kulijua jina lake, na kwa shingo upande nikamshukuru hata ofisa aliyeandika ile sheria ndogo, maana angalau aliandika. Kisha nikaendelea. Saa tisa na nusu nikawa nimemaliza fungu langu lote. Hakuna sentensi iliyoning'inia. Kila 'isipokuwa' ilikuwa na mwisho wake. Karatasi haikutoka kwangu.

Nilimtazama Mzee. Yeye alisoma polepole, akifuata kwa ncha ya penseli isiyogusa karatasi. Alibakiwa na kama kumi na tano. Sikuthubutu kumharakisha. Kama sentensi ilikatika mahali, ilikatika ndani ya zile kumi na tano, na kama ilikatika, basi karatasi ilikuwa imepotea kweli, na fomu ilikuwa bado mezani kwangu, safu ya jina ikisubiri.

"'Baada ya kulenga,'" akasoma kwa sauti, "'kila mwanachama ataichukua karatasi yake ya shabaha na kuikabidhi kwa mkufunzi wake, ambaye ataitia sahihi na kuiweka.'" Akatabasamu. "Hata kwetu, siku ya mwisho walitupa risasi za kweli, tano tano. Ukimaliza kupiga unakimbia, unabandua karatasi yako, unampelekea afande. Ukikaa nayo unapata viboko. Afande wetu alikuwa..."

Penseli ikabaki hewani.

"Mzee?"

"Nyabo." Akainuka, magoti yakalia. "Ile yenye matundu."

"Matundu gani?"

"Miduara. Karatasi ya miduara, mmoja ndani ya mwingine, na matundu ya risasi. Ilikuwa katikati ya hizi. Jumapili. Niliitoa."

"Ukaipeleka wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyejikamata mwenyewe akiruka ukuta. "Kwa afande."

Sikuelewa. Akaelekeza mlango wa Ustadh kwa kidevu.

"Uliipeleka kwa Ustadh? Kwa nini?"

"Karatasi ya shabaha haikai na mtu, nyabo! Inakwenda kwa mkubwa. Hakuwepo, nikaiweka kwenye trei yake. Mkono ulikwenda wenyewe. Leo umeniuliza juu ya karatasi iliyopotea, na mimi nimetafuta sheria. Ile sikuiweka hata moyoni."

Nilitaka kumkaripia, na ningemkaripia vizuri, lakini swali lingine lilinifikia kabla. Mimi niliyehesabu Jumapili mara mbili, niliipitaje karatasi ya miduara yenye matundu ya risasi bila kuiona? Jibu nilikuwa nalo vidoleni. Gikomba suruali huhesabiwa kwa mikunjo ya kiunoni, zikiwa zimepangana, bila kuzifungua. Ukifungua tu, wateja wanakuvamia wachague kabla hujajua una ngapi. Na karatasi nilizihesabu vivyo hivyo, kwa pembe. Niliweza kuapa mahakamani kwamba ni mia moja arobaini na sita, na nisingeweza kusema hata moja kati yake ina nini. Kama Jumapili ningetazama nyuso, asubuhi ile ningeuliza, "Mzee, ile yenye miduara iko wapi?" na tungekwenda kula nyama. Kosa lilikuwa na mikono minne. Nimekuwa mwepesi zaidi wa kusamehe tangu siku ile, kwa sababu za kibinafsi.

Saa kumi na dakika ishirini tukabisha mlango. Ustadh alikuwa anaandika. Trei yake ilikuwa imejaa mpaka pembeni: fomu za likizo, kadi za mwaliko, orodha za bei za mashine ambazo hatutanunua, kalenda mbili.

"Ustadh," Mzee akasema kabla sijafungua mdomo, "karatasi niliitoa mimi. Iko hapo ndani. Sikukuandikia kwamba nimeiweka."

Hakumweleza habari za mti wa mbuni wala viboko. Mimi ningeanza na hivyo. Yeye alianza na kosa, akasimama wima, mikono pembeni, kama aliyeitwa mbele ya mstari.

Ustadh akaanza kutoa vitu kwenye trei, kimoja kimoja, akivipanga. Karibu na chini kabisa akaifikia. Ilikuwa ya manjano, saizi ile ile ya nyingine, miduara sita ya wino mweusi. Matundu matano. Manne yalikuwa nje ya miduara yote, na moja kwenye mduara wa pembeni, kana kwamba risasi ilipotea njia ikaingia. Pembeni mtu alikuwa amejumlisha alama kwa penseli, akafuta, akajumlisha tena kwa matumaini zaidi.

Ustadh aliishika kwenye mwanga. "Huyu," akasema, "wanyama walikuwa salama kwake."

Hakuna aliyecheka, ingawa ilistahili. Akaiweka chini. "Tangu lini iko hapa?"

"Jumapili," Mzee akajibu.

"Jumapili. Jumatatu. Jumanne. Leo." Alizihesabu kwa vidole, kisha akaitazama trei, si Mzee. "Siku nne iko mbele yangu."

Nilikuwa na maneno mengi yaliyopangwa. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba karatasi iliyopatikana si karatasi iliyopotea, kwamba mwenye sanduku hajafika, kwamba mlinzi wa miaka tisa hatupwi kwa karatasi moja. Lakini mnunuzi akianza kubishana na nafsi yake mwenyewe, muuzaji anyamaze. Nikauma ulimi. Sijawahi kupata faida kubwa kwa maneno machache hivyo.

Ustadh akaomba daftari. Akafungua kalamu yake ya wino, akaandika polepole chini ya hesabu yangu, na alipomaliza akaligeuza ili tusome. Aliandika kwamba karatasi moja ya shabaha iliwekwa na mshika mashine kwenye trei ya msimamizi bila maelezo, na kwamba msimamizi hakuitazama trei yake kwa siku nne. Kisha akaweka sahihi. Angeweza kuandika nusu ya kwanza peke yake. Ilikuwa kweli, ilitosha, na hakuna ambaye angemwuliza nusu ya pili. Nimefanya kazi chini ya watu wengi, Nairobi na hapa, na sijawahi kumwona mkubwa akijiandika mwenyewe kwa wino.

"Fomu yangu iko wapi?" akaniuliza.

Nikaileta. Akairudisha kwenye droo, tupu kama ilivyotoka. "Ipigwe picha," akasema juu ya ile ya miduara, "pande zote mbili. Na wewe," akanigeukia, "utahesabu tena. Ukitazama."

Nilihesabu nikitazama. Ilinichukua muda mrefu kuliko kawaida, maana karatasi ukiitazama inataka kuongea. Mia moja arobaini na sita. Mhadhiri alifika Alhamisi saa tatu, akahesabu yake, akatia sahihi, akaondoka kabla chai haijapoa. Aliifikia ile ya shabaha akaipita bila kusimama; nikaona kwamba naye anahesabu kwa pembe.

Wiki mbili baadaye Mzee aliitwa chumbani kwa Ustadh. Alikaa huko dakika chache, nami nikijaribu kupanga vibanio kwa ukubwa. Alipotoka alipita mezani kwangu, akaenda akasimama kando ya mashine, akatoa simu. Ustadh hapendi simu za nyumbani saa za kazi. Ametuandikia hilo ukutani kwa lugha tatu. Mzee alipiga hata hivyo. Binti akapokea. Kiganda sikijui, lakini *emyaka ebiri*, miaka ile miwili, haihitaji mkalimani, na aliisema kwanza kwa sauti ya chini, kisha ya kawaida, kisha kwa sauti ambayo nadhani hata daktari wa meno aliisikia. Nilisikia Ustadh akiinuka kwenye kiti chake. Hatua zake zikaja mpaka mlangoni. Akaushika mlango, akaufunga polepole kutoka ndani, ili Mzee amalize.